Amos Hakuwa Baba Yake

Xiaobei, Guangzhou
Alasiri, siku ya kuamkia safari yako

Mwanangu Zuhura,

Umetoka kwenda kuaga wenzako, nami nimekaa kwenye meza ya kulia, pembeni ya sanduku lako, nawasikia watu wa chini wakigombania bei ya kadi za simu. Salamu tutapeana ukirudi, kwa hiyo hapa siziandiki. Sitaandika pia habari za koti, wala za kuweka pasipoti karibu, wala za kusoma kwa bidii. Hayo umekwisha kuyasikia mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Hili ninalotaka kukuambia nimeshindwa kulitoa mdomoni kwa miezi minne, na kesho asubuhi treni ya Hongkong inaondoka na wewe. Jioni hii nitakupa karatasi hizi mkononi.

Nianze na lenyewe, nisije nikazunguka kama kawaida yangu. Bi Ruth si ndugu yetu.

Yule bibi unayekwenda kukaa kwake huko Massachusetts, aliyetuandikia miaka tisa, ambaye picha yake tumeitundika karibu na ya mama yako, hana damu nasi hata tone. Nilikosea mimi. Yeye hakujua, wewe hukujua, na mimi nimejua tangu mwezi wa nne nikanyamaza. Soma mpaka mwisho kabla ya kunikasirikia, kisha kasirika utakavyo, mimi nipo.

Hadithi ya Mmarekani wetu unaijua, lakini umeijua ikiwa imekwisha kupigwa pasi. Acha nikupe ilivyokuwa mwanzo. Bibi yangu, Bi Mwanakombo, aliyenilea Ng'ambo kule Unguja baada ya mama yangu kufariki, alikuwa akisema hivi: "Babu wa mama yangu alikuwa Mmarekani. Alikuja Unguja na meli ya vitambaa vya merikani, akakaa, akazaa mtoto mmoja wa kike, kisha akaenda China. Hakurudi." Hadithi nzima ndiyo hiyo. Ushahidi wake ulikuwa kijiko cha fedha chenye jina lililochorwa kwenye mpini, N. A. Thorley, ambacho wajomba zangu walikuja kukipoteza na kila mmoja akamsingizia mwenzake.

Nilimchosha bibi kwa maswali. Meli ilikuwa na milingoti mingapi? Nywele zake zilikuwa rangi gani? Alikuwa akijibu kidogo, halafu anataka kunihadithia habari za yule mwanamke aliyeachwa, alivyolea mtoto peke yake na alivyoishi na maneno ya watu. Mimi namkatiza. "Bibi, rudi kwenye meli." Naye anacheka, anarudi kwenye meli. Alikuwa mwanamke mpole sana, na nilikuja kumjutia mno.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kuja kusoma Guangzhou, wenzangu walifurahia uhandisi. Mimi nilifurahi kwa sababu Mmarekani alikuja huku. Nilisoma, nikarudi, nikamwoa mama yako, nikamleta hapa wewe ukiwa mgongoni, nikawa mkalimani wa wafanyabiashara wetu. Mama yako alikuwa akiwaambia watu, "Mume wangu amehamia China kumfuata marehemu." Watu wakicheka, nami nikicheka nao, lakini alikuwa anasema kweli tupu.

Ile siku ya Huangpu sijui unaikumbuka kiasi gani. Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimekwenda bandarini kufuatilia kontena la viatu la mtu wa Dar, nawe ulikuwa likizo nikakuchukua. Karatasi zikachelewa, na dereva akatuambia kwamba ng'ambo ya mto, kisiwani, kuna kilima chenye makaburi ya mabaharia wa zamani wa kizungu. Tukavuka kwa kivuko. Majani yalinifika mabegani, wewe hukuonekana kabisa, nikawa nakufuata kwa sauti. Jiwe uliliona wewe. Ulilisugua kwa kandambili na maji ya kunywa tuliyobakiza, ukasoma pole pole: Nathaniel. Amos. Thorley. Chini yake jiwe lilikuwa limevunjika, pamebaki neno Massachusetts na nusu ya mwaka. Nilikaa chini nikalia, ukaniuliza kama nimeng'atwa na sisimizi.

Kosa nililifanya pale pale, tena nikakufundisha na wewe. Uliweka kidole kwenye jina la katikati ukauliza, "Na huyu ni nani?" Nikakujibu bila kufikiri, "Huyo ni baba yake."

Kazi yangu unaijua. Kila siku hapo kwenye masoko ya Liuhua nawajazia watu wetu fomu za mizigo: jina lako, jina la baba, jina la babu. Salim Khamis Makame. Zuhura Salim Khamis. Nimeandika majina namna hiyo maisha yangu yote, na haikunipitia hata siku moja kwamba kuna watu wanaopanga majina yao vingine. Mtu amesoma, anazungumza lugha nne, halafu anasoma jiwe la Mmarekani kama kitambulisho cha mtu wa Ng'ambo. Kuanzia siku ile nilikuwa namtafuta Nathaniel mwana wa Amos, na kwa jinsi nilivyotafuta, ningempata hata kama hakuwapo.

Niliandika barua kwenye miji ya bandari ya Massachusetts, mmoja baada ya mwingine. Karani wa kanisa moja la zamani akanijibu, na ndani ya bahasha alitia nakala ya ukurasa wa kitabu chao cha ubatizo: Nathaniel, mwana wa Amos Thorley. Niliibusu ile karatasi. Hapo nikaanza kupanda juu, kizazi baada ya kizazi, kutoka kwa Amos mpaka kwa yule wa kwanza aliyevuka kutoka Uingereza wakati nchi ile bado ni koloni la mfalme, kazi yake kutengeneza mapipa. Nilipata wosia wake. Nilipata karatasi za mipaka ya shamba lake, na orodha inayoonyesha alikuwa anakaa kiti gani kanisani. Niliwajua watu wale kuliko ninavyowajua majirani zetu wa ghorofa hii. Nilijua kwamba mkewe aliitwa Patience, na kwamba aliitwa mbele ya wazee wa kanisa kwa kumtukana jirani kwa sababu ya nguruwe. Mama yako alimpenda huyo peke yake katika ukoo mzima. Ukijibu vibaya alikuwa akikuambia, "Umemfuata Patience." Unakumbuka? Na wewe ulikuwa ukijisikia fahari.

Sasa Patience si wetu. Tulimpenda bure.

Karani yule ndiye aliyempelekea Bi Ruth barua yangu. Mwalimu mstaafu, hakuolewa, wa mwisho wa ukoo wake katika mji ule. Barua yake ya kwanza ilianza na maneno "Binamu yangu wa mbali sana", na mimi, niliyekuwa nimezoea kuitwa mgeni kwa Kichina kila ninapopita, nilihisi kama nimefunguliwa mlango. Niliisoma kwa sauti mara tatu. Mama yako alikuwa amejilaza kitandani anaiangalia bahasha. Akaniuliza, "Baba Zuhura, huyu jina lake kamili nani?"

"Ruth Ann Thorley."

"Ann si jina la mwanamke?"

"Ni la mwanamke."

"Kwa hiyo baba yake anaitwa Ann?"

Akacheka mpaka akainuka akakaa. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba wanawake wao wana utaratibu mwingine, tena asiingilie mambo asiyoyasomea. Akaikunja bahasha vizuri akaniwekea mezani, akaenda jikoni.

Aliliona kosa kwa dakika mbili, Zuhura, amelala, bila kitabu. Nilimzima kwa sababu alikuwa ananiharibia furaha. Nimelifikiria lile neno lake, "anaitwa Ann", mara nyingi kuliko nilivyofikiria jambo lolote mama yako aliloniambia katika ndoa yetu, na katika hayo yamo mengine mazito zaidi. Siku utakapokuwa umejaa jambo, na mtu anayekupenda akakutupia swali dogo la kijinga, nakuomba ungoje kidogo kabla ya kumjibu. Mimi sikungoja.

Yanayofuata sijapata kukuambia. Ulikuwa na miaka kumi na minne, na umeishi ukiamini kwamba mama yako hakurudi nyumbani kwa sababu daktari alikataa. Figo zilipoanza kushindwa, daktari alisema anaweza kusafiri. Mama yako akaniomba nimpeleke Unguja kwa mama yake. Alisema, "Nataka nikaugulie kwetu." Nikamjibu ndiyo, lakini tungoje. Bi Ruth alikuwa ameandika kwamba masika anakuja Guangzhou kuliona kaburi, safari yake ya kwanza nje ya Marekani, na mimi nilikuwa nimekwisha panga kila kitu, mpaka kivuko. Nikamwambia mama yako, "Mgeni aje akute nyumba haina mwenyewe?" Akasema, "Haya, tumngoje mgeni wako."

Tukamngoja. Bi Ruth akateleza kwenye barafu mlangoni kwake akavunjika nyonga, na barua ya kutuarifu ilipofika mama yako hakuweza tena kupanda ndege. Hapo ndipo daktari alipokataa, na hicho ndicho ulichokisikia wewe. Uliponiuliza, nilikujibu nusu. Nimekujibu nusu hiyo hiyo miaka mitano.

Tulimzika kwenye makaburi ya Waislamu hapo Liuhua, wanaume saba na imamu wa Kichina aliyelitamka jina lake kwa taabu. Mimi niliyevuka mto nikamlilia baharia aliyezikwa mbali na kwao, nilimzika mke wangu hapa, mama yake akiwa hai Unguja akisubiri simu. Sina la kujitetea. Alikuwa ananiomba kitu kimoja tu na sikumpa, na kila nikipita na wateja kwenye masoko yale nakwenda upande wa pili wa barabara.

Baada ya hapo aliyetushika mkono ni Bi Ruth. Watu wetu walikuja siku tatu wakatawanyika kwenye shughuli zao, yeye aliandika kila wiki, mwaka mzima. Nilimweleza kwamba mama yako alikuwa anamngoja. Sijui kwa nini nilimweleza. Labda nilitaka mtu wa kunisaidia kubeba. Akaandika, "Basi Asha alikuwa ananingoja mimi, na mimi nilikuwa nimelala kitandani nikilalamikia mguu." Kuanzia hapo akawa anauliza habari zako tu. Unasoma nini, unakula nini, una marafiki. Chuo kilipokupa nafasi, yeye ndiye aliyesema hutakaa bwenini mwaka wa kwanza, utakaa kwake, kwa ndugu zako. Akaniuliza unapenda rangi gani akupakie chumba. Nikamjibu kijani. Sikukuuliza, nilikumbuka tu kandambili zako.

Sasa nifike kwenye bahasha iliyonifumbua macho. Miaka sita nyuma niliwahi kuuandikia mji mwingine wa bandari, kuulizia karatasi za mabaharia, nikasahau kabisa. Mwezi wa nne mwaka huu wakanijibu. Niliifungua Liuhua, kwenye duka la viatu, nikiwa na Mama Saada wa Kariakoo. Ndani mlikuwa na nakala ya ukurasa wa ubatizo: Nathaniel Amos, mwana wa Daniel na Kezia Thorley. Pembeni, kwa mwandiko wa mtu mwingine: alifariki Canton. Canton ndiyo hii Guangzhou tunayokaa. Na mtunza kumbukumbu aliongeza maelezo ya upole sana. Kwamba Amos lilikuwa jina la ndugu wa mama yake, alipewa kama heshima, kama walivyozoea kufanya. Kwamba katika mji wa jirani palikuwa na akina Thorley wengine, nao walikuwa na Nathaniel mwana wa Amos, lakini huyo alikufa na miaka minne na kaburi lake lipo nyuma ya kanisa lao.

Hilo ndilo kanisa analosali Bi Ruth. Amepita kando ya jiwe hilo maisha yake yote.

"Mzee Salim," Mama Saada akaniita, "mwambie laoban kontena langu linafungwa Jumamosi. Hizo saizi arobaini ziko au haziko?"

Nikamwuliza mwenye duka. "Anasema meiyou. Hakuna."

"Meiyou, meiyou, kila siku meiyou! Jana si alisema zipo mwenyewe? Mwambie mimi na yeye biashara basi." Halafu akaniangalia. "Mbona umekaa chini? Umepata habari ya msiba?"

Nikamwambia hapana. Nilikuwa nimeanza kucheka. Nilikuwa namsikia mama yako anacheka kitandani, baba yake anaitwa Ann, nikacheka naye mpaka Mama Saada akanipa kitambaa nijifute uso, maana kicheko kilikuwa kimekwisha kugeuka kitu kingine.

Ningekuambia siku ile ile. Nilipanda ngazi nikiwa na nia hiyo. Nikakukuta umekaa sakafuni na ile barua ya chuo, unachora njia kutoka uwanja wa ndege mpaka nyumba ya Bi Ruth kwa maelezo aliyokutumia. Nikasema nitasema kesho. Kesho yake ikaja barua ya Bi Ruth kwamba rangi imekauka. Nikasema akiandika tena nitawaambia wote wawili. Nilikuwa nahesabu, mwanangu, na hesabu yangu ilikuwa ya aibu: nikisema, Zuhura hana nyumba, nisiposema, ana nyumba. Lakini hiyo nayo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa kumpoteza yeye. Mtu pekee niliyekuwa namweleza habari za mama yako alikuwa yule bibi. Tangu mwezi wa nne nimemwandikia barua tatu, na zote nimetia sahihi "binamu yako".

Utaniuliza kama sasa nimewatafuta akina Daniel na Kezia. Sijawatafuta. Sina hamu nao. Katika miezi hii minne nimegundua jambo linaloniuma kuliko yote haya ya Amos. Najua jina la mke wa mtengeneza mapipa asiyetuhusu, najua alimtukana nani na kwa sababu gani. Yule mwanamke wa Unguja, aliyeachwa akiwa na mtoto, ambaye bila yeye mimi na wewe tusingekuwapo, jina lake silijui. Hakuna kitabu kilichomwandika. Kilichomwandika kilikuwa kichwa cha Bi Mwanakombo, nacho kilikuwa wazi mbele yangu miaka kumi na miwili, na kila ukurasa ule ulipofunguliwa nilisema rudi kwenye meli. Bibi amekufa nalo. Nikilala nalitafuta jina hilo kana kwamba aliwahi kulitaja na mimi sikusikiliza, na nina hakika alilitaja.

Unatoka katika nyumba ya mtu wa namna hiyo. Nimewahudumia wafu nisiowajua kwa adabu kubwa, walio hai nikawaambia wangoje. Sikuambii uishi vipi. Nakuonyesha tu mahali nilipoanguka, upatambue ukipafikia, maana tumefanana sana mimi na wewe, hata ukaidi. Mama yako alikuwa akilisema hilo kwa huruma, akituonea huruma wote wawili.

Asubuhi ya leo, uliponiona natoka mapema, sikwenda kununua mikate. Nilikwenda kwenye kibanda cha simu cha yule Mkongo wa Dengfeng. Kwao ilikuwa bado jana jioni. Mkongo akanipigia namba, akanipa mkono wa simu, akasema, "Papa Salim, allez, ligne iko muzuri leo," akatoka nje kunipisha.

Nilimwambia Bi Ruth yote, kuanzia kwenye jiwe la Huangpu mpaka kwa yule mtoto wa miaka minne nyuma ya kanisa lake. Kisha akaniuliza, "Salim, umejua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne."

"Umeniandikia barua tatu tangu hapo."

"Ndiyo."

"Nimezisoma kwa sauti mbele ya wenzangu kanisani. Zote tatu." Nilimsikia anavuta kiti. "Mtoto anajua?"

"Hajui. Nitamwambia leo. Ukisema asije, hatakuja."

"Mwambie aje," akasema. "Sikukuahidi wewe, nilimwahidi mama yake, ingawa hatukuonana. Asha alikuwa ananingoja mimi, na hilo halikuwa kosa la kusoma karatasi. Nitakuwa uwanja wa ndege kama nilivyosema." Nilidhani yamekwisha, nikaanza kumshukuru. Akanikatiza. "Lakini barua zako zisiingie tena nyumbani kwangu, Salim. Wala simu. Siwezi kuuona mwandiko wako mlangoni. Miaka tisa nilikuwa nakimbia kwenye sanduku la posta, hata kwa mguu huu."

Akakata simu yeye. Hakupandisha sauti hata mara moja, na ningefurahi kama angepandisha.

Kwa hiyo unakwenda kwa mtu anayekutaka, na anakutaka kwa ajili ya mama yako. Usimwite bibi mpaka atake mwenyewe. Mwulize uwanjani pale pale anapenda umwite nani, na usione vibaya akichelewa kujibu. Akikuuliza ulijua lini, mwambie ulijua siku ya kuamkia safari kwa barua ya baba yako. Usinitetee kwake. Na kama ukimaliza kusoma hapa utaona huwezi kwenda, niambie jioni hii hii, nitalifungua sanduku na kurudisha nguo kabatini, na sitasema neno.

Lakini nadhani utakwenda. Sharti lake nimelikubali, maana nyumba ni yake na ana haki. Mpaka utakapopata anwani yako mwenyewe huko, na kama utapenda kunipa, sina mahali pa kukuandikia. Ndiyo maana hii imekuwa ndefu.

Baba yako,
Salim Khamis